Mpeleka Barua wa Netherfold Agombea Udiwani

Wilf Entwistle alistaafu posta mwezi wa Oktoba, na kufikia Krismasi mkewe alikuwa ameshamchoka. Si kwamba alikuwa mgomvi. Alikuwa hatulii tu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anapanga barua zake, anatoka na begi begani kuzunguka kata yetu ya Netherfold, iwe mvua au barafu. Sasa begi lilikuwa limerudishwa ofisini lakini miguu yake ilikuwa haijapewa habari. Ikifika saa moja asubuhi alikuwa ameshavaa viatu, na ikifika saa mbili alikuwa barabarani, anapita mitaa ileile kwa mpangilio uleule, mikono mitupu. Watu walimwona madirishani wakacheka: "Huyo Wilf, leo anapeleka hewa."

"Wilf, hebu kaa," Nell mkewe alikuwa akimwambia. "Unanitia kizunguzungu."

"Nimekaa."

"Umekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri treni."

Mimi naishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Nilikuwa dereva wa gari la mashuka ya hospitali, na nilipohamia hapa nikitokea Tanga, Wilf ndiye aliyekuwa Mwingereza wa kwanza kunijua kwa jina, kwa kuwa ndiye aliyeniletea barua za mama. Alifika mahali akawa anautambua mwandiko. "Mama yako huyu," alikuwa akiniambia mlangoni kabla sijaipokea bahasha. Na mwaka mmoja akaongeza kwa sauti ya chini, "Mkono unamtetemeka kidogo siku hizi." Nilikuwa sijaliona hilo. Nilikata tiketi, nikaenda nyumbani, na nilimkuta mama bado hai. Ndiyo maana nasema Wilf aliyaona mengi. Ila ukimuuliza habari za jirani yako, aliangalia juu akasema mvua inakuja.

Mwezi wa Januari kulibandikwa tangazo darajani. Ni daraja la chuma la kupita kwa miguu, juu ya reli, na ndilo linaloishika kata pamoja. Shule na zahanati ziko upande wa juu. Duka la mikate, mabasi na makazi ya wazee yako upande wa chini. Tangazo lilisema daraja limechakaa, matengenezo ni makubwa, na halmashauri inakusudia kulifunga na kuling'oa. Wenye haja ya kuvuka wangezunguka barabara kuu, mwendo wa maili moja na nusu kando ya malori.

Wilf alilisoma akiwa amesimama. Akaondoka, akarudi, akalisoma tena. Halafu akaenda kumwandikia diwani.

Diwani wa kiti kilichokuwa kinagombewa mwaka ule alikuwa Roland Haslam, mwalimu mkuu mstaafu, mrefu, mwenye tai kila siku ya Mungu, aliyekaa kwenye kiti hicho miaka ishirini. Jibu lake lilikuja baada ya siku tisa: suala limepokelewa na linashughulikiwa. Wilf akapiga simu, ikajibu mashine. Akaenda maktaba Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ambayo diwani hukaa na watu, akakuta karatasi mlangoni kwamba diwani amepata udhuru.

"Limepokelewa," Wilf aliniambia, anatembea huku na huku jikoni kwangu. "Hata mimi nilipokea mambo miaka thelathini na moja. Lakini nilikuwa nayafikisha!"

Aliyelitoa neno alikuwa Thelma Clegg, mwenye saluni ya wanawake pale miguuni mwa daraja. Thelma akishika mkasi, mdomo nao haufungiki, na wateja wake nusu walivuka daraja lile kumfikia.

"Gombea wewe," alimwambia Wilf aliyekuwa amemsindikiza Nell kutengeneza nywele.

"Mimi? Sijui siasa."

"Nani kakwambia siasa? Unaijua milango. Haslam anajua milango mingapi?"

"Wagombea wana vyama vyao. Mimi nina nani?"

"Una mimi," Thelma akasema, akamgeuza Nell kwenye kiti kama mtu anayegeuza chapati. "Nell, una pingamizi?"

"Akitoka nyumbani hata kwenda mwezini sina pingamizi," Nell akajibu.

Alihangaika siku tatu. Siku ya nne alikwenda kuchukua fomu. Miaka ile fomu ya uteuzi ilitaka saini kumi za wapiga kura wa kata, na mimi nilikuwa wa sita. Alikuja kwangu ameshika kofia mkononi kana kwamba amekuja msibani.

"Umo kwenye daftari la wapiga kura?"

"Nimo. Sisi wa Jumuiya ya Madola tunapiga kura hapa, hujui?"

"Najua. Ukikataa sitakasirika."

"Lete kalamu, Wilf."

Fomu nusura ituangushe. Mwenye saini ya tisa alikuwa mjane aliyeolewa tena majira ya baridi yale. Akaandika jina la mume mpya ilhali daftari lilikuwa na la zamani. Karani wa uchaguzi aliirudisha asubuhi ya siku ya mwisho, na mlango ulikuwa unafungwa saa sita mchana. Wilf alikuwa na miaka sitini na moja, lakini alikimbia. Alimkuta mwokaji mikate amejaa unga hadi kwenye kope, akamsainisha juu ya meza ya keki, na fomu ikarudi ofisini na alama za vidole vyeupe, saa sita kasoro dakika saba.

Basi akaanza kugonga milango, na hapo ndipo alipopata tabu asiyoitarajia.

"Miaka yote niligonga kuwapa watu kitu," aliniambia. "Sasa nagonga kuwaomba. Mkono unakuwa mzito."

Alikuwa amezoea kusimama mlangoni sekunde kumi. Sasa watu walimkaribisha ndani, wakamwekea chai, wakamtolea yaliyomo moyoni: ukungu ukutani, mtoto hana kazi, jirani ana mbwa, basi halisimami. Aliyaandika yote nyuma ya vipeperushi vyake hadi vikamwishia vya kugawa. Kuna waliomcheka pia. Mzee mmoja wa makazi ya chini alifungua mlango akasema, "Wilf! Umeniletea nini leo?"

"Karatasi."

"Bili?"

"Mimi mwenyewe. Nagombea."

"Afadhali ingekuwa bili," mzee akasema. Lakini kipeperushi alikichukua.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi tulikuwa watatu saluni, mimi, yeye na Thelma, tunakunja karatasi za kutia katika bahasha. Thelma akaanza polepole, kama mtu anayeongelea hali ya hewa.

"Wateja wangu wanasema Haslam haishi hapa. Wanasema ile nyumba ya Alma Terrace mapazia hayajafunguliwa tangu mwaka juzi."

Wilf alikuwa anakunja.

"Wewe ulikuwa unapeleka barua Alma Terrace. Anaishi pale au haishi?"

Wilf akasimama, akavaa kofia. "Thelma, usiniulize hilo."

"Kwa hiyo haishi."

"Sijasema."

"Umesimama kabla sijamaliza swali!"

"Nimesimama kwa sababu nakwenda nyumbani." Na akaenda kweli, akaacha bahasha zimetapakaa.

Haya yanayofuata aliniambia miaka mingi baadaye, na aliniambia baada ya kupewa ruhusa na mwenyewe anayehusika. Wilf alikuwa anajua. Kwa miaka minne barua zote za nyumba namba kumi na nne, Alma Terrace, zilikuwa zinageuzwa pale posta na kupelekwa kwenye nyumba ndogo ya pwani, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni. Haslam aliibakiza nyumba ya Netherfold na jina lake lilibaki daftarini, kwa hiyo sheria haikuwa na neno naye. Lakini hakuwa analala hapa. Na Wilf alijua jambo la pili. Majira ya baridi yaliyotangulia kuhama huko, alikuwa akipeleka bahasha za hospitali, za idara ya mapafu, zenye jina la mke wa Haslam. Kwanza moja kwa mwezi, kisha kila wiki. Mtu aliyeutambua mkono wa mama yangu kwa kutetemeka hangeshindwa kuunganisha mambo hayo mawili.

Alipoajiriwa alikuwa ametia saini kwamba ya barua hayatoki mdomoni. Hakuwahi kumwambia hata Nell.

Jumanne ya wiki ya uchaguzi wagombea waliitwa ukumbi wa kanisa. Tulikuwa watu kama sabini kwenye viti vya plastiki. Wagombea walikuwa watatu: Haslam, Wilf, na kijana wa chuo aliyesimamishwa na chama chake ili jina la chama lisikosekane kwenye karatasi ya kura, ambaye alitaja Netherfold kwa matamshi ya mtu anayesoma ramani. Haslam alizungumza vizuri, kama alivyozoea, ila kuhusu daraja alizungukazunguka. Wilf alizungumza vibaya. Alisema daraja mara kumi na tano, akapoteza karatasi yake, akaipata, akakaa.

Maswali yakaja. Akasimama Cyril Ormerod, mwenye kipara kinachong'aa kama sahani, mtu asiye na sababu yoyote ya kwenda saluni, isipokuwa mkewe huwa kule kila Ijumaa.

"Swali langu ni kwa Wilf," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa unapeleka barua Alma Terrace. Diwani Haslam anaishi pale?"

Mchungaji aliyekuwa mwenyekiti akasema swali hilo halifai. Haslam akainuka nusu: "Nyumba ni yangu, na jina langu limo kwenye daftari."

"Sikukuuliza wewe, Diwani. Nimemuuliza Wilf."

Wilf alisimama. Nilikuwa safu ya pili, na niliona mkono wake umeshika mgongo wa kiti.

"Niliyoyajua nikiwa na begi begani siyasemi," alisema. "Sikumwambia mke wangu. Na ninyi sitawaambia."

Akakaa. Mtu akacheka, halafu makofi, na sauti kutoka nyuma ikapaza: "Tumeelewa, Wilf! Tumeelewa!" Haslam alikuwa ameangalia meza. Masikio yake yalikuwa mekundu kama ya mtoto aliyekemewa.

Wilf hakungoja chai. Mimi na Nell tulimkuta nusu ya njia ya kwenda darajani, anatembea kama anayefukuzwa.

"Nimefanya nini, Nell?"

"Umenyamaza. Umefanya sawa."

"Sikunyamaza! Umewasikia? Nimesema yote kwa kule kunyamaza. Na nimesema nusu. Nusu iliyo mbaya."

"Nusu nyingine ni ipi?"

Wilf alivuka daraja, akageuka, akavuka tena. Tulimwacha.

Asubuhi yake alikuwa saluni kabla Thelma hajawasha taa.

"Wewe ndiye uliyemtuma Cyril."

"Cyril ni mtu mzima. Swali ni haki ya mpiga kura."

"Nilikuambia usiniulize, ukanichomekea mtu aniulize mbele za watu! Ni bora ningeshindwa kwa haki."

"Na daraja je?" Thelma akauliza, na hakuwa anatania. "Mama Whittle ana miaka themanini na nne, anavuka pale kwenda zahanati. Atazunguka barabara ya malori kwa hiyo haki yako?"

Wilf akatoka. Alipofika nyumbani alipiga simu ofisi ya uchaguzi kuuliza kama anaweza kujitoa. Karani alimwambia muda wa kujitoa ulipita wiki tatu nyuma. Majina yameshachapishwa, atake asitake yumo. Nell aliniambia alibaki ameishika ile simu muda mrefu baada ya karani kukata.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kulikuwa na vituo viwili, shuleni upande wa juu na kwenye ukumbi wa makazi ya wazee upande wa chini, na Wilf alivuka kutoka kimoja kwenda kingine mchana kutwa, hawezi kusimama hapa wala pale. Nilipiga kura yangu baada ya kazi, kwa ile penseli iliyofungwa kwa uzi. Nilimkuta nje ameloa.

"Umeshapiga yako?" nikamuuliza.

"Nimepiga. Usiniulize nimempigia nani."

Nilidhani ni utani. Sasa sina hakika, na hakuwahi kuniambia.

Kura zilihesabiwa Ijumaa asubuhi kwenye ukumbi wa michezo mjini. Thelma alikuwapo kama wakala wa Wilf, mimi kama msaidizi. Meza ndefu, wanawake wa benki waliokodiwa kuhesabu, wenye vidole vyepesi, kura zinafungwa mafungu ya hamsini hamsini. Wilf alikuwa anazunguka ukumbi ukutani kwa ukutani, hadi polisi akamuuliza kama anaumwa. Hesabu ya kwanza ilimweka mbele kwa kura ishirini na tatu. Watu wa chama cha Haslam wakaomba irudiwe. Ikarudiwa. Msimamizi wa uchaguzi akapanda jukwaani akasoma: Entwistle, mia nane na kumi na mbili. Haslam, mia saba tisini na tatu. Yule kijana, mia moja na nne.

Kumi na tisa. Thelma alipiga kelele, akanikumbatia, akamkumbatia polisi. Wilf alisimama kama mtu aliyesomewa hukumu. Haslam alikuja, akampa mkono kama ilivyo desturi.

"Hongera, Diwani."

"Naweza kuja kukuona?" Wilf akamuuliza.

Haslam alimtazama machoni. "Unajua ninapoishi," akasema, akaondoka.

Jumapili Wilf alipanda treni. Aliniambia alikaa stesheni ya kule pwani karibu saa nzima hana uamuzi, kwa maana anwani ile aliijua kwa kazi tu, na kuiendea kwa miguu yake kulikuwa kama kufungua bahasha ya mtu. Lakini yale maneno ya Haslam aliyachukua kuwa ni ruhusa. Akaenda, akagonga.

Bi Haslam, Isobel, alikuwa kwenye kiti dirishani, mrija wa hewa puani. Wilf hata hakukaa.

"Nilijua kuhusu hapa," akasema. "Na kuhusu hospitali pia nilijua. Pale ukumbini ningeitaja ile sababu, watu wangekuhurumia. Sikuitaja. Kura kumi na tisa zile ni zako."

"Ungeitaja, ningekuchukia hadi kaburini," Haslam akasema. "Isobel hakutaka mtu ajue. Nimeibeba siri hii miaka minne."

"Roland, mwambie ukweli wote," akasema mkewe kutoka dirishani, kidogokidogo, akipumzika katikati ya maneno. "Nilimsihi auache huo udiwani tangu siku ya kwanza. Hakunisikia. Anapanda treni asubuhi kwenda kwa watu wenu, anarudi amechoka, anakaa pale mezani na mafaili ya mifereji ya Netherfold, hata hanioni. Mimi ndiye ninayepaswa kukushukuru, bwana. Umenirudishia mume wangu."

Wilf alisema hapo ndipo alipokaa bila kuambiwa. Wakanywa chai. Walikuwa na keki ya tangawizi iliyokauka, akala vipande viwili kwa heshima.

Kisha Haslam akaleta boksi. Ndani yake yalikuwamo mambo ya kata yote, kila mtu na faili lake kwa mwandiko wa kialimu. Faili la daraja lilikuwa nene kuliko yote. Hapo ndipo Wilf alipojua kwamba Haslam alikuwa amelirudisha suala lile kwenye kamati mara mbili, kwa hila za karatasi, mwaka mzima na nusu, bila kumwambia mtu, kwa sababu chama chake kilikuwa kimeshaamua na yeye hakuthubutu kukipinga hadharani.

"Kwa nini hukusema pale ukumbini?"

"Ningefukuzwa chamani wiki ya uchaguzi. Wewe huna chama. Wewe sema." Akamwonyesha ukurasa. "Ile ni njia ya umma. Hawawezi kuiondoa bila kutangaza amri rasmi ya kuifunga, na watu wakiipinga kwa maandishi lazima aje mkaguzi kutoka serikalini awasikilize. Lakini sikiliza: usilete karatasi moja yenye saini mia tano. Hiyo wanaihesabu moja. Kila mtu aandike barua yake, kwa maneno yake."

"Barua," Wilf akasema.

"Barua," Haslam akajibu, na kwa mara ya kwanza wote wawili wakacheka.

Kwenye baraza, hoja ya Wilf ya kulibakiza daraja ilishindwa kwa kura ishirini na nane dhidi ya ishirini na nne. Alipewa dakika tatu, akatumia mbili. Lakini amri ya kulifunga daraja ilipotangazwa, Netherfold ilikuwa imeshaandika. Alipita kila mlango, na asiyejua kuandika Kiingereza mimi au binti wa muuza nguo tulimwandikia anavyosema. Barua mia nne na kumi na moja. Mama Whittle aliandika ya kurasa sita, na nne kati yake zilikuwa za marehemu mumewe aliyemposa pale darajani. Wilf alizipeleka mwenyewe halmashauri ndani ya begi la kununulia viazi, akamtaka karani azipokee kwa kuzihesabu.

Thelma na Wilf walikuwa hawasemeshani wakati wote huo. Kazi walifanya, salamu hapana. Nell alikuwa anabeba maneno baina yao kama posta mpya. Kisha Jumamosi moja ya Julai, Wilf amekaa maktaba na daftari lake, mlango ukafunguliwa, akaingia Thelma, akakaa kiti cha mbele yake.

"Mfereji mbele ya saluni umeziba. Maji yananiingia ndani."

Wilf akachukua kalamu. "Jina?"

"Wilf, acha upuuzi."

"Jina na namba ya nyumba, mama. Kila mtu anaandikwa."

Thelma alimwangalia, akataja jina lake lote, la kati na la ubatizo pia. "Na usisahau kuandika," akasema, "kwamba mlalamikaji alikosea lile jambo la Cyril. Lakini daraja hakukosea."

Wilf aliandika la mfereji. "Hilo la pili halimo kwenye mamlaka ya halmashauri," akasema, na Thelma akacheka hadi mkutubi akajiwekea kidole mdomoni.

Mkaguzi alikuja Oktoba, mwanamke mfupi mwenye mwavuli mkubwa, akakaa siku mbili ukumbi wa kanisa kusikiliza watu. Siku ya pili alitaka kuvuka daraja mwenyewe, kisha akataka kuzunguka barabara kuu mwenyewe, kwa miguu, na malori yakamrushia maji ya dimbwi hadi kiunoni. Serikali ikaikataa ile amri ya kulifunga daraja. Matengenezo yalichukua miaka miwili, na rangi waliyolipaka ni ya kijani ya kutia kichefuchefu. Kuna waliomlaumu Wilf kwa rangi.

Bi Haslam alifariki majira ya baridi ya mwaka uliofuata. Wilf na Nell walikwenda maziko, na Haslam ndiye aliyemwambia kwamba sasa anaweza kuyasimulia.

Udiwani haukumpa Wilf utulivu. Nilidhani ungempa. Nell anasema alikuwa anaamka akitaja mitaa. Alikuwa na watu waliotaka maegesho na watu waliotaka yaondolewe, wote wamempigia kura, wote wamemshika mkono. Alikaa kipindi kimoja cha miaka minne. Alipogombea tena alipata kura mia tisa na kitu, nyingi kuliko zile za kwanza, akashindwa na mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mhasibu aitwaye Farzana Iqbal, aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya msikiti na aliyefanya kampeni miezi minane.

Jumatatu baada ya matokeo nilimwona Wilf anapita na boksi la mafaili mikononi, kaongozana na huyo binti. Alikuwa amejitolea kumzungusha kata nzima kwa siku mbili. Walipita mbele ya nyumba yangu, nikawafuata kidogo kwa udadisi. Walisimama mwanzo wa Alma Terrace. Farzana alikuwa na kijitabu.

"Niambie basi kuhusu hawa, Mzee Wilf," akasema. "Namba mbili ni nani? Ana shida gani?"

"Namba mbili ana kengele mbovu. Inabidi ugonge kwa mkono."

"Hilo tu?"

"Hilo linaonekana kutoka barabarani," Wilf akasema. "Mengine muulize mwenyewe."

Farzana alimtazama, akatazama na kule mlangoni. Akakitia kijitabu mfukoni, akapanda ngazi, akagonga.